Banda la miezi minne: chora kwanza litakavyofunguliwa

Katikati ya bustani ya Kensington Gardens, London, kuna jumba la sanaa linaloitwa Serpentine. Jengo lenyewe ni la mwaka 1934, lilianza kama nyumba ya kunywea chai, likawa jumba la sanaa mwaka 1970. Tangu mwaka 2000 jumba hilo humwalika msanifu mmoja, au wawili wanaofanya kazi pamoja, wajenge banda kwenye majani ya bustani, lisimame kiangazi kimoja, kisha liondoke. Anayealikwa awe hajawahi kukamilisha jengo lolote Uingereza. Wa kwanza alikuwa Zaha Hadid. Baadaye wakapita Oscar Niemeyer, Frank Gehry, Peter Zumthor, Francis Kéré, Frida Escobedo, Sumayya Vally, na mwaka 2025 Marina Tabassum wa Bangladesh. Tangu mwaliko hadi mlango kufunguliwa ni kama miezi sita.

Banda hukaa wazi kuanzia Juni hadi Oktoba. Kwao hiyo ni miezi ya jua. Kwetu Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania ndiyo miezi ya ukame: mvua zimekatika, barabara za vumbi zinapitika, Nane Nane (sikukuu ya wakulima) iko katikati. Jambo lile lile linaweza kufanyika Iringa kwenye uwanja wa Boma, au Mbeya kwenye kipande chochote cha wazi chenye watu, na vifaa vyake karibu vyote viko kati ya Mafinga na Tukuyu. Ila mbinu haiwezi kuhamishwa nzima nzima. Hapa nitaeleza banda la mita 8 kwa 8, nguzo 12, ukingo wa paa mita 3 kutoka ardhini, na mahali ambapo kazi ya namna hii huharibika.

Kanuni inayobeba mengine yote ni kwamba mchoro wa kwanza uwe wa kulifungua banda, yaani kulitenganisha kipande kwa kipande. Nani anashika spana wapi, kipande gani kinatoka kwanza, kinabebwa na watu wangapi, kinaingia gari gani. Mchoro huo ukikamilika, wa kulisimamisha unakuwa umeshapatikana, kwa kuwa ni ule ule ukisomwa kutoka mwisho. Anayeanza na sura ya banda, akaahirisha habari ya kubomoa, ataishia kukata kwa msumeno kile alichotakiwa kukiuza.

Tuanze chini. Mwaka 2012 wasanifu Herzog & de Meuron pamoja na msanii Ai Weiwei walichimba kwenye majani yale karibu mita moja na nusu, wakafuata alama za misingi ya mabanda yaliyotangulia. Wakaweka nguzo kumi na moja kwa ajili ya mabanda yaliyopita na ya kumi na mbili kwa ajili ya lao, na ndani wakavisha koki, lile gamba la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa. Ni kazi nzuri, na inaonyesha kitu ambacho wajenzi wa muda hawapendi kukitazama: banda linaondoka, msingi unabaki. Zege la msingi limewahi kulalamikiwa pale pale Serpentine. Ukimwaga zege kwenye uwanja wa watu kwa ajili ya miezi minne, kulivunja Novemba ni gharama ambayo hakuna aliyeitengea fungu.

Iringa ina mawe. Basi msingi uwe mawe yaliyofungwa kwenye wavu wa gabioni, yaani vikapu vya waya, yakae juu ya ardhi bila kuchimba. Lakini uzito wake upigiwe hesabu, maana banda jepesi kwa kawaida linashindwa kwa kung'olewa na upepo. Paa lisilo na kuta ni bawa.

Chukua upepo wa mita 30 kwa sekunde. Msukumo wake ni nusu ya uzito wa hewa (kilo 1.2 kwa mita ya ujazo) mara kasi mara kasi: 0.5 × 1.2 × 30 × 30, yaani niutoni 540 kwa kila mita ya mraba, sawa na kilo 55. Hewa ya mwinuko wetu ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, lakini nafuu hiyo usiitumie. Iache iwe akiba. Paa la mita za mraba 64 linavutwa juu kwa kilo 3,520. Zidisha kwa 1.5 kwa usalama, unapata 5,280. Kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), papi (mbao zinazolazwa juu ya kenchi) na ezeko pamoja vina uzito wa kama kilo 22 kwa mita ya mraba. Hesabu asilimia 90 tu ya uzito huo, kilo 1,267. Zinabaki kilo kama 4,010 za kushikiliwa na mawe.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanagawa kwa nguzo 12, wanapata kilo 334 kila moja, wanatengeneza vikapu 12 vinavyofanana. Paa halivuti hivyo. Banda hili lina kenchi nne zinazovuka mita 8, zikiachana mita 2.67. Kenchi mbili za kati zinabeba kila moja ukanda mzima wa paa, na kila moja imekaa juu ya nguzo mbili tu. Kenchi za pembeni zinabeba nusu ya ukanda, na chini yake kuna nguzo nne. Ukipiga upya, kila nguzo ya kenchi ya kati inahitaji karibu kilo 670, na kila nguzo ya pembeni karibu kilo 170. Nguzo za kati zikipewa kilo 334 zitaachia siku ya kwanza ya upepo wa maana, na zikishaachia, za pembeni hazina uwezo wa kuzuia chochote.

Mawe ya granaiti yaliyopangwa kwa mkono kwenye kikapu yana uzito wa kama kilo 1,600 kwa mita ya ujazo. Kwa nguzo nne za kati tengeneza kikapu cha mita 0.9 kwa 0.9, kimo 0.55: karibu kilo 700. Kwa nane zilizobaki, kikapu cha 0.6 kwa 0.6 kwa 0.6: karibu kilo 345. Hiyo ni zaidi ya hesabu inavyodai, na inafaa iwe zaidi, maana upepo unaokuja na kona huvuta kingo za paa kuliko katikati. Jumla ni mita za ujazo tatu na nusu za mawe. Mawe yamwagwe kando, kisha yapangwe moja moja, makubwa ukingoni na madogo katikati. Yakimwagwa moja kwa moja kwenye wavu yanaacha mapengo, na kikapu kinapungua uzito bila kuonekana kwa macho. Vikapu vikifunikwa ubao juu vinakuwa viti vya wageni.

Ndani ya kila kikapu, chini kabisa, laza msalaba wa vyuma vya L vya milimita 50, urefu sawa na upana wa kikapu. Katikati ya msalaba chomelea bomba la chuma la milimita 76 lipande kupita juu ya mawe kwa sentimita 30. Nguzo ya mbao inafungwa kwenye bomba hilo kwa boliti mbili, na kitako chake kibaki sentimita 15 juu ya mawe. Kwa njia hiyo mbao haigusi udongo, mchwa hawana daraja, na siku ya kufungua hakuna anayechimba kutafuta kitako cha nguzo. Usisahau mbao za mshazari kwenye pande zote nne, angalau nafasi moja kati ya nguzo kila upande. Kikapu kinazuia kung'oka. Hakizuii banda kulala ubavu. Makambako wanaujua upepo wao. Huko hesabu ifanywe na kasi kubwa zaidi ya 30.

Sasa mbao, na hapa kalenda ya London inatukatalia. Miezi sita kurudi nyuma kutoka Juni ni Desemba. Desemba mvua inanyesha, na mbao ya paini inayotoka kwenye misumeno ya Mafinga, iliyovunwa Sao Hill au kwenye mashamba ya watu binafsi, mara nyingi ni mbichi. Huwezi kuikausha kwenye unyevu wa Februari. Kwa hiyo mbao za banda la Juni zinunuliwe Agosti au Septemba ya mwaka uliotangulia. Banda la mwaka huu likiwa bado limesimama, mbao za lile lijalo ziwe zimeshapangwa chini ya bati. Atakayeshindwa hilo atafute mbao zilizokaushwa kwenye tanuri na alipe bei yake. Njia ya tatu sijaiona.

Kuzipanga: magogo chini, sentimita 40 kutoka ardhini, kisha safu ya mbao, kisha vipande vya inchi moja vya kutenganisha kila sentimita 60, kisha safu nyingine. Vipande vyote vikae kwenye mstari mmoja wima, vinginevyo mbao zinapinda. Juu weka mawe mazito. Mbao ya inchi mbili inahitaji majuma sita hadi nane ya ukame. Huna kipimo cha unyevu? Chagua mbao tatu za katikati ya rundo, zipime uzito kila Jumamosi. Zikiacha kupungua, zimekauka kiasi ambacho hewa ya hapo inaruhusu. Mbao ya 2×6 ya futi 12 iliyokauka ina kama kilo 14. Mbichi inaweza kukaribia mara mbili ya hapo, na fundi aliyezoea anaisikia begani kabla ya mizani.

Sababu ya usumbufu huu wote ni boliti. Kwenye kiungo ambapo mbao tatu za milimita 50 zinashikwa pamoja, mbao zikitoka kwenye ubichi hadi ukavu zinasinyaa, na boliti iliyokazwa vizuri Juni inabaki na nafasi ya milimita 4 hadi 5 Agosti. Banda linaanza kucheza. Fundi anaongeza msumari ili kulituliza, na huo msumari ndio unaopasua mbao siku ya kufungua. Kwa hiyo hata mbao kavu ikazwe tena baada ya wiki mbili, na tena katikati ya Agosti. Hiyo iwe kazi ya mtu mwenye jina, kwenye ratiba.

Boliti ziwe za M12 (unene milimita 12), tundu la milimita 13. Tundu liwe mbali na ncha ya mbao milimita 90 au zaidi, na mbali na ukingo si chini ya 48. Washa za mraba za milimita 50, unene 3, pande zote mbili. Washa ndogo ya duara inazama kwenye paini kama kidole kwenye ugali. Paka grisi kwenye uzi wa boliti kabla ya nati. Usitoboe kila mbao kwa kupima upya na futi: tengeneza kielelezo kimoja cha bamba la chuma chenye matundu, kifunge juu ya kila mbao, toboa kupitia humo. Makosa ya milimita 2 yakirudiwa kwenye viungo vinane mfululizo yanakuwa milimita 16, na kipande cha mwisho hakiingii. Hapo ndipo nyundo inapoanza kutumika mahali pa spana.

Mbao fupi zisikutie hofu. Mwaka 2005 Álvaro Siza na Eduardo Souto de Moura, pamoja na mhandisi Cecil Balmond, walifunika banda lao kwa wavu wa mbao fupi zinazobebana, kila moja ikiegemea katikati ya mwenzake. Ni wazo linalofaa sana nchi ya mbao za futi 12. Ila pale karibu kila kipande kilikuwa na vipimo vyake, vilivyokatwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Kwa msumeno wa meza, wavu wa namna ile ufanye bapa, wenye kipande cha aina moja kinachorudiwa. La sivyo kaa kwenye kenchi, na ufundi wako uuonyeshe kwenye viungo.

Paa linahitaji kufikiriwa kwa jua letu. Iringa iko karibu nyuzi 8 kusini ya ikweta, Mbeya karibu 9. Juni, saa sita mchana, jua limelalia kaskazini, kama nyuzi 59 kutoka upeo wa macho. Kwa ukingo wa mita 3, linaingia ndani mita 1.8 upande wa kaskazini. Hilo ni zuri, maana Juni na Julai kuna baridi na watu watatafuta mahali pa kuota jua. Asubuhi linatokea kaskazini mashariki, wakati upepo wa kusi unatoka kusini mashariki. Basi fungua upande wa kaskazini mashariki, ziba wa kusini mashariki. Katikati ya Oktoba jua linapita utosini, na paa la plastiki inayopitisha mwanga, linalopendeza sana Julai, linageuka tanuri. Mabanda kadhaa ya Serpentine yametumia plastiki hiyo, polikabonati, na London inaruhusu. Hapa itumie kwenye ukanda mwembamba tu, au weka nyasi au mikeka ya mianzi juu yake kuanzia Septemba.

Kwa sababu hiyo hiyo nisingeiga banda la Kéré la mwaka 2017, ingawa ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kéré alizaliwa Gando, Burkina Faso, akaijengea shule kijiji chake, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya usanifu majengo ya Pritzker. Paa lake London lilitanda kama mti juu ya kuta za mbao za buluu, na mvua ilikusanywa ikashuka katikati ya ua kama maporomoko. Aliyabuni kwa ajili ya kiangazi kinachonyeshewa. Iringa, Julai, mdomo ule wa paa wa kushushia maji ungekusanya vumbi tu. Cha kuchukua kwake ni namna alivyoanza na swali la mahali: pale alipo, watu wanakusanyika chini ya nini? Tukuyu, wilayani Rungwe, lakini ni habari nyingine. Rungwe hunyeshewa hata miezi ambayo kwingine kumekauka, na huko mdomo wa maji ungekuwa na kazi.

Rungwe pia ndiko kwenye urithi wa kujenga kwa mianzi. Nyumba za Wanyakyusa za mianzi zilisifiwa na wageni tangu zamani kwa unadhifu. Kwa kuta na dari mianzi inafaa kuliko mbao. Kata iliyotimiza miaka mitatu au zaidi, kwenye ukame, wakati wanga ndani yake ni mdogo. Wanga ndio chakula cha fukusi. Iringa angalia vichaka vinavyogemwa ulanzi (pombe ya mianzi): chipukizi lililokatwa ncha halikui kuwa mti, kwa hiyo vichaka vya wagemaji vina miti michache iliyonyooka. Toboa vifundo kwa nondo ndefu ya milimita 12, kisha loweka siku 7 hadi 14 kwenye maji yenye boraksi na asidi ya boriki, kama kilo 6 za mchanganyiko huo kwa lita 100. Kausha kivulini. Dawa hii huoshwa na mvua, hivyo mwanzi huo ukae chini ya paa. Usipige msumari kwenye mwanzi kwa namna yoyote. Toboa kwa keekee, funga kwa kamba au boliti, na boliti ikae karibu na kifundo.

Ukuta mfupi wa kusini mashariki ujenge kwa matofali mabichi, kwa udongo bila saruji. Miezi minne bila mvua yanatosha, kuni za kuchomea hazihitajiki, na yakifunguliwa yanatoka mazima. Saruji ikiingia tu, nusu ya matofali yanavunjika. Sakafu isiinuliwe: jukwaa linalobeba umati linatakiwa kuhimili kilo 500 kwa mita ya mraba, na hilo ni banda la pili chini ya banda. Tandaza kokoto sentimita 5 juu ya kitambaa kinachopitisha maji, basi.

Vibali vianze mapema: halmashauri, mhandisi aliyesajiliwa kutia sahihi hesabu (hizi zangu zikiwa za kukadiria), na Zimamoto. Kwa ezeko la nyasi, fyeka mita 10 kuzunguka, weka njia mbili za kutokea zinazotazamana, na jiko la mkaa la mama lishe likae nje ya duara hilo. Septemba moto wa nyasi hauombi ruhusa.

La mwisho kufanyika ndilo la kwanza kuamuliwa: nani analichukua. Serpentine huuza mabanda yake, na fedha zinarudisha sehemu ya gharama. La Sou Fujimoto, wingu lile la mirija myeupe ya chuma ya milimita 20, lilikwenda Tirana, Albania. La SelgasCano lilifika Los Angeles. La Kéré lilinunuliwa na jumba la sanaa la Ilham, Kuala Lumpur. Banda la mita za mraba 64 linakaribia darasa moja, au banda la kusubiria la zahanati. Mpokeaji akijulikana kabla ya kuchora, mengi yanabadilika: akitaka likae miaka, mbao ziwe zimetiwa dawa tangu mwanzo (na vipande vyake visichomwe jikoni, dawa hiyo ina sumu), na kimo cha nguzo kifuate mahitaji yake.

Alama za vipande zisiwe za kalamu ya wino, kwani jua la miezi minne linazifuta. Gonga namba kwenye kibati kidogo, kipigilie ncha ya kila mbao, upande mmoja ule ule siku zote: K2-5 ni kenchi ya pili, kipande cha tano. Kazi ya kufungua ianze juma la tatu la Oktoba: ezeko, papi, kenchi kuanzia upande ulio mbali na upepo, mshazari, nguzo, mawe. Kenchi ya mwisho isiachwe imesimama peke yake kulala usiku. Boliti za kila kenchi ziingie mfuko wake, pamoja na nati na washa zake, mfuko ufungwe kwenye mbao ya namba moja ya kenchi hiyo. Hakuna kipande kinachozidi futi 12, kwa hiyo mzigo wa mbao unaingia kwenye Fuso moja ya kawaida. Mawe yanauzwa papo hapo kwa wenye mitaro. Kitambaa na kokoto vikitoka, lima kidogo palipokandamizwa, panda vipando vya nyasi, na mvua za Novemba zitavikuta vimeshashika udongo.